Duka Lililokaa Eda

Ngara, Nairobi
4 Machi 2025

Mwanangu Safa,

Asalaam aleikum. Natumai barua hii itakukuta mzima, na baridi ya Rotterdam haijakumaliza vidole. Huku mwezi umeandama, twafunga, na Nairobi ina jua la kukausha koo kabla ya adhuhuri. Nduguyo Abdulrauf na mkewe wanakuja kutoka mtaa wa Satellite kila jioni kufuturu nami, ili nisile tambi peke yangu nikitazama kiti cha marehemu Munir.

Utasema mbona sipigi simu. Sikio la kulia limekufa kabisa, la kushoto lasikia likipenda. Juzi Abdulrauf kaniwekea simu sikioni, nami nikajibu kwa furaha, "Aleikum salaam, hamjambo nyote?" Kumbe ni wifi yangu wa Malindi ananililia msiba. Na hizo meseji za kuandika kwenye kioo lazima mtoto anisomee, na mengine si ya kusomewa na mtoto. Basi nimerudi kwenye kalamu.

Eda naishika. Niko ndani, nguo nyeupe, sina wanja, sina manukato. Mwanamke aliyeuza udi na halud umri wake wote sasa ananukia sabuni ya kipande! Mazishi uliyakosa, lakini nilihadithiwa na nitakuhadithia. Makaburini Kariokor palijaa. Sheikh aliposema kama ada, anayemdai marehemu aende kwa wanawe, na aliyekosewa amsamehe, Mzee Waweru mwenye jengo alikuwa amesimama nyuma, kofia mkononi. Akajibu kwa sauti kubwa kama yuko kanisani kwake: "Mimi nimemsamehe yote! Munir hana deni na mimi!" Watu wakatazamana, wengine wakatabasamu, na Sheikh mwenyewe akasema amin. Nilipoambiwa nililia.

Dukani ameanza zamu Kavata, yule jirani wa ghorofa ya juu anayeuza nguo za watoto. Desturi ya jengo letu waijua kuliko mimi, wewe uliyeiandika: mtu akifa, duka lake haliguswi mpaka mjane atoke; majirani wanamuuzia kwa zamu, na kodi inangoja. Masikini Kavata hajui udi wala ambari. Vyote anaviita "ile ya harufu", na bado anauza.

Sasa neno lenyewe. Wiki iliyopita alikuja Shiru, binti wa Mzee Waweru, yule wakili. Siku hizi babake amemwachia jengo alisimamie. Alivua viatu mlangoni, akanipa pole, akakaa vizuri. Kisha akatoa bahasha. Ni notisi, tutoke dukani mwisho wa Aprili. Nikamwambia, "Mwanangu, niko edani." Akasema, "Najua mama, na pole sana, walai. Lakini hiyo kitu si sheria. Iko kwa research ya Daktari Safa, page ya kwanza kabisa."

Abdulrauf akaitafuta hiyo makala yako akanisomea. Eti umeandika kwamba mwenye jengo hakulazimika kamwe, ila mpangaji mmoja alimwaminisha kuwa Kadhi atamwita. Ni kweli, Safa? Jina hukulitaja, lakini umetaja ngazi ya kijani na duka la udi. Ngara nzima, ni duka gani jingine la udi lililo kando ya ngazi ya kijani?

Sikuulizi kwa ubaya. Nakuuliza kwa sababu duka hili ndilo litakalonilisha nikitoka eda. Pensheni sina, na Abdulrauf ana watoto. Wewe ndiye msomi wa sheria nyumbani kwetu. Niambie nifanyeje.

Nakuombea kila nikifuturu.

Shangazi yako,
Zena


Rotterdam
19 Machi 2025

Shangazi yangu mpenzi,

Shikamoo. Ramadhani karimu. Barua yako imefika jana na nimeisoma nimesimama jikoni na koti mwilini. Bado siamini Baba Munir hayupo. Ninyi wawili mlinipokea nikiwa msichana wa sekondari kutoka Mombasa, na hesabu zangu zote nilizifanya nyuma ya kaunta yake, karatasi zikinuka ubani. Kutokuwepo mazishini kumeniuma na kunaniuma. Tiketi ilikuwepo, lakini kulikuwa na mkutano hapa, nikaambiwa mazishi ya Kiislamu hayangoji, nikakubali haraka mno.

Kuhusu makala, nieleze vizuri maana naona imekufikia vibaya. Kazi yangu, hii ya sheria na uchumi, ni kuuliza swali moja: sheria inamfanya mtu afanye nini, na kwa gharama gani? Wenzangu wote walikuwa wanaandika jinsi mahakama zinavyochelewa na wajane wanavyopoteza biashara. Nikasema mimi najua jengo ambalo hakuna mjane aliyewahi kupoteza duka, bila wakili, bila kesi, bila hata karatasi. Ndipo nikakaa dukani kwenu mwaka mzima na kinasa sauti changu, mkinipa chai. Na wewe mwenyewe ndiye uliyenihadithia, ukicheka, vile mjane wa kwanza wa jengo alivyofiwa, Baba Munir akamwambia Mzee Waweru kwamba akimgusa mwanamke aliye edani, Kadhi atamwita. Kadhi hana uwezo huo, tena juu ya Mkristo na jengo lake. Lakini Mzee akaamini, na ili asionekane anapendelea Waislamu, akaieneza kwa wajane wote. Imani isiyo ya kweli ikafanya kazi ambayo sheria ya kweli ilishindwa. Shangazi, mimi nilikuwa nalisifu jengo letu! Hiyo makala ndiyo iliyonileta huku. Inafundishwa vyuo ambavyo sijawahi kuvikanyaga.

Sasa usiogope. Kuna baraza linalosikiliza kesi za wapangaji wa maduka. Abdulrauf apeleke pingamizi kabla ya mwisho wa Aprili. Mimi nitaandika tamko la kiapo kwamba jambo likifanywa miaka yote hiyo, pande zote mbili zikilijua, linakuwa sehemu ya mapatano ya upangaji hata kama mwanzo wake ulikuwa utani. Inawezekana kabisa kisheria. Usisaini chochote. Tamko litakuwa limefika mapema Aprili, naahidi.

Huyo Shiru namkumbuka kidogo tu, alipita darasani kwangu kama wengine.

Nakubusu mikono.

Mwanao,
Safa


Ngara
5 Aprili 2025

Mwanangu Safa,

Idi mubarak, na Mungu akutakabalie. Tumeila Idi kimyakimya, pilau la kuletewa na majirani, watoto wa Abdulrauf wakanizunguka na nguo zao mpya wakiogopa kucheka mbele ya mjane. Nikawaambia wacheke, babu yao alipenda makelele. Mjukuu mdogo ameng'oka jino la mbele, anauliza kama kule uliko kuna watu wanaofunga.

Barua yako nimeisoma mara mbili. Maneno mengi mazuri. Umenikumbusha kwamba mimi ndiye niliyekuhadithia, na ni kweli, nilicheka, sikatai. Usiku ule Munir alinigombeza. Alisema, "Zena, hiyo habari si yako peke yako, ni ya jengo zima." Nikamjibu, "Si mtoto wetu anayeuliza?"

Mzee Waweru alikuja mwenyewe, siku ya pili ya Idi. Amezeeka, Safa, siku hizi ana fimbo. Alikaa karibu na mlango, Abdulrauf katikati yetu, nami nikajifunika. Akauliza bila kuzunguka: "Mama Abdul, ni ukweli Munir alinidanganya hiyo maneno ya Kadhi?"

Ningesema nini? Niko edani, mfungo umetoka jana, na mzee yule ananitazama kama mtoto anayesubiri matokeo ya mtihani. Nikasema ni kweli. Akasema, "Hii miaka yote mimi nilidhani naogopa Kadhi. Kumbe nilikuwa naogopa Munir." Kisha akasema neno jingine, nalo silirudii hapa. Akaondoka, chai hakuigusa.

Hilo tamko lako, usilikimbilie. Una kazi zako.

Nyumba siku hizi inanukia udi asubuhi hadi jioni, mpaka naona haya. Jirani akiingia atasema mjane huyu anajifukiza na eda haijesha! Lakini ndivyo ilivyo, nafungua madirisha.

Abdulrauf hakusalimu. Mwache, hasira zitamtoka.

Zena


Rotterdam
26 Aprili 2025

Shangazi yangu,

Shikamoo. Natumai u mzima na mvua za Aprili hazijaingia pale dirishani kwa jikoni. Hapa maua yametoka, watu wamekaa nje kama wametoka jela. Mimi niko ndani na karatasi.

Tamko bado sijalituma. Naliandika, Shangazi, wallahi naliandika. Shida ni sentensi moja. Makala yangu yote imesimama juu ya kusema kwamba desturi ya jengo si sheria na haijawahi kuwa. Tamko linataka niseme kwa kiapo kwamba ni sehemu ya mapatano, yaani ina nguvu ya sheria. Nimeiandika sentensi hiyo namna nyingi na kila namna namsikia Shiru akiniuliza barazani, "Daktari, ulikosea wakati ule ama unakosea sasa?"

Na kuna jambo sikukuambia. Katikati ya Mei jopo linakaa hapa kuamua kama nipewe uprofesa. Wanaisoma makala hiyohiyo. Nikiapa leo kinyume chake, na neno likaenea, na kwenye taaluma yetu maneno huenea haraka, nitaonekana sijui ninachosema. Nimejiambia wiki chache hazitaharibu kitu, kwamba kesi za baraza huchelewa kila mara na kwamba pingamizi la Abdulrauf pekee linatosha kusimamisha mambo kwanza.

Nikiyasoma haya naona yanavyosikika. Naona haya. Tafadhali nitumie neno moja tu kwamba pingamizi limepelekwa. Abdulrauf nimempigia mara nyingi, anakata.

Neno alilosema Mzee Waweru lilikuwa nini?

Safa


Ngara
13 Mei 2025

Safa mwanangu,

Salaam. Sote wazima. Mvua imepiga, mtaro wa mbele umefurika na wauza viatu wamehamia upande wa pili wa barabara, basi kuna ugomvi kila asubuhi na mimi nautazama kutoka juu, ndiyo sinema yangu.

La duka lisikukoseshe usingizi. Liko lilipo. Kaa na jopo lako, Mungu akufanyie wepesi. Munir angefurahi kukusikia unaitwa profesa. Alikuwa akiwaambia wateja tangu ulipokuwa kidato cha pili.

La Mzee Waweru niachie mimi.

Zena


Rotterdam
3 Juni 2025

Shangazi,

Shikamoo. Leo sitakuuliza hali kwa maneno ya ada kwa sababu hali yako naijua, na nimeijua kwa kuombaomba.

Uprofesa nimepewa. Nilipewa Alhamisi, wakanipigia makofi, nikala keki. Ijumaa asubuhi nikaapa tamko langu, nikasema kila kitu, nikatuma barazani nakala yenye muhuri. Jumatatu karani akanijibu kwa adabu sana kwamba hakuna faili yoyote yenye jina la Munir wala la Zena. Pingamizi halikupelekwa. Nikampigia mke wa Abdulrauf, na Abdulrauf akamnyang'anya simu. Akaniambia duka mlilitoa wenyewe mwanzoni mwa Aprili, kabla ya tarehe, na bidhaa zote zimo chumbani kwako hadi dari, ndio maana nyumba inanukia. Akasema ulimwapisha asiniambie. Nikamuuliza kwa nini. Akasema, "Kikulacho ki nguoni mwako," akakata.

Kwa hiyo wakati ninakuandikia ile barua ya tarehe ishirini na sita, nikipima jina langu na duka lako, duka lilikuwa limeshaondoka. Tamko langu lisingesaidia hata kama ningelituma. Unadhani hilo linanipa nafuu? Halinipi. Mimi sikujua. Nilidhani bado lipo, na nilidhani lanihitaji, na nikalicheleweshea kwa kusudi.

Na kuna baya zaidi ya hilo. Nilikuambia Shiru alipita darasani kama wengine. Shangazi, Shiru alikuwa mwanafunzi wangu bora. Mimi ndiye niliyesimamia tasnifu yake. Wiki moja baada ya Baba Munir kuzikwa alinipigia. Akanipa pole, kisha akasema, "Prof, ile desturi ya Ngara. Ukisema si sheria, unamaanisha si sheria kabisa, hata mtu akienda baraza?" Nilijua anauliza jengo gani. Nilijua yeye ni mtoto wa nani. Ningeweza kusema haipo wazi, inategemea, tafuta ushauri, maneno tunayoyatumia kila siku. Lakini aliniita Prof kabla ya wakati na aliuliza swali zuri, nami nikajibu kama niko darasani. Nikasema, "Si sheria kabisa." Nikamsifu kwa kuuliza.

Nataka kuja. Nataka kusimama mbele ya mtu yeyote, baraza, Mzee Waweru, Shiru, niseme lolote utakalo. Kama kuna duka jingine nitalilipia. Niambie unachotaka nifanye, nami nitafanya siku hiyohiyo.

Na uniambie alisema nini yule mzee. Nadhani ndiyo sababu ya yote, na nadhani umenificha kunionea huruma, nami huruma hiyo siistahili.

Safa


Ngara
7 Julai 2025

Mwanangu Safa,

Asalaam aleikum. Hongera kwa uprofesa, kwanza hilo. Nimewaambia majirani wote. Mimi nimetoka eda, nimeoga, nimevaa dira ya rangi, nimejifukiza mpaka mjukuu akapiga chafya. Nilipovuka barabara mara ya kwanza nilishika mkono wa Abdulrauf. Jiji lina kelele, hata kwa mtu mwenye nusu sikio.

La Shiru kukupigia nilikuwa nalijua. Aliniambia mwenyewe siku ile alipoleta bahasha: "Nimemuuliza Prof." Sikukuandikia kwa sababu nilitaka unambie wewe. Ulichukua muda, lakini umeniambia.

Sasa nikujibu ulilouliza. Siku ile ya Idi Mzee Waweru alisema hivi: "Pale makaburini nilisema nimemsamehe Munir. Nilisema bila kujua. Sasa nimejua. Hiyo msamaha naichukua." Akainuka na fimbo yake akaenda.

Safa, wewe umesoma, huenda ukaona ni maneno ya mzee mwenye hasira. Mimi sikulala. Mume wangu yuko chini ya udongo na mtu ana haki juu yake, haki ya kweli, na mtu huyo amesema mbele ya mwanangu kwamba hakumsamehe. Ningekwenda vipi barazani kupigania duka lililokaa kwetu kwa uongo wa Munir, nikitumia uongo uleule kama haki yangu? Hata kama ningeshinda, ningeshinda juu ya mgongo wake. Ndiyo maana nikatoa vitu. Na wewe sikukuambia kwa sababu ungeapa haraka ukishaona nimekata tamaa, na sikutaka mtu mwingine wa nyumba hii aseme lisilo kweli kwa ajili ya duka. Ulichelewa kwa sababu zako, nami nilishukuru ulivyochelewa. Mungu anisamehe, nilikuacha ujisute bure.

Siku ya tatu baada ya eda nikaenda Muthangari na Abdulrauf, nyumbani kwa Mzee. Nimebeba ufunguo wa duka. Shiru alikuwa ameshabadilisha kufuli zamani, ufunguo haufungui chochote, lakini Munir alipewa na Mzee mkononi, basi nikaona urudi mkononi. Alikuwa bustanini anapogoa waridi. Nikamwambia, "Mzee, mume wangu alikukosea. Mimi nilijua, nikanyamaza, nikala kwa hilo. Nimekuja kukuomba radhi yake na yangu."

Akaketi. Akaniambia jambo ambalo nataka ulisome polepole. Alisema, "Mama Abdul, mimi mama yangu alikuwa na kibanda ya mboga. Baba alipokufa walimtoa hapo hata mazishi haijafanywa. Mimi nilikuwa kijana, nilibeba hizo magunia. Munir angeniomba tu ningesema sawa. Sasa mbona hakuniomba? Alinionaje? Na huyo msichana wenu ameandika eti nilikuwa naogopa. Alikuja kwa jengo yangu mwaka mzima, alikunywa chai kwa kila duka. Mimi aliniuliza?"

Nilimwambia hapana, hakukuuliza. Akalia. Mwanamume mzima na makasi ya maua mkononi. Nami nikalia, na Abdulrauf akatutazama hajui ashike nani. Kisha akauchukua ufunguo, akautia mfukoni, akasema, "Nimemsamehe Munir. Sasa nimesamehe nikijua." Akanirudishia mume wangu, Safa. Duka hakunirudishia, haliko tena mkononi mwake. Shiru amempa mtu wa vifuniko vya simu. Si mbaya yule msichana, alitutengea kiti pale bustanini, akatuletea juisi. Anaamini alichofundishwa.

Mimi nitaishi. Nauza udi hapa nyumbani, wateja wa zamani wanapanda ngazi wakihema. Duka la kulipiwa na wewe silitaki. Abdulrauf ameniuliza kama nimekusamehe, nikamwambia wewe ni mwanangu, swali gani hilo. Ndiyo, nimekusamehe, na la Shiru pia. Kwangu lala usingizi.

Umeniuliza unachoweza kufanya. Nimefikiri, nami sijui, basi nitakuambia tu ninachokiona. Mume wa Kavata, Oloo, ana ugonjwa wa ini. Madaktari wamesema ni miezi, huenda wiki. Zamani tungeshapanga zamu za kumuuzia, nani Jumatatu, nani Jumanne, naye angekaa na mumewe hospitali mpaka siku ya Mungu. Sasa kila mtu wa jengo ameisoma hiyo page ya kwanza, na anajua duka halitamngoja mjane tena. Jana nilikwenda kumjulia hali. Nilidhani nitamkuta wodini. Nilimkuta dukani amekaa chini, amezungukwa na nguo za watoto, anaziuza kwa bei ya kutupa, alizobakiza anafunga kwenye magunia. Nikamwambia, "Kavata, mume wako yuko hai." Akasema, "Yuko, mama. Ameniuliza jana mbona siendi kukaa na yeye." Akaendelea kufunga.

Shangazi yako,
Zena